Taka Zetu Zaishia Wapi?



Juma hili twaomba ruhusa ya kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilosemwa mbele ya wageni: kapu la taka. Labda mtu atatucheka akisema: «Je, walimu wamekosa habari bora zaidi?» Na acheke. Sisi twaona kwamba ukitaka kujua kama watu wa nyumba fulani wanampenda jirani yao, usitazame viti vya sebuleni. Zunguka nyuma ya jiko, ukaulize: maganda ya ndizi, majivu, chupa zilizovunjika na matofali ya ukuta uliobomolewa hupelekwa wapi, na nani, na saa ngapi?

Wala hatuwaandikii kama watu wasio na kosa. Tutaanza kwa habari ya aibu yetu wenyewe, ili iwafae wengine.

KIPANDE CHA UBAO

Shule tunamofundisha, hapa mjini Bukavu, imesimama juu ya kilima, kama nyumba nyingi za mji huu. Darasa moja lilikuwa la zamani sana, kuta zake zimepasuka, nayo kamati ya wazazi iliamua kulibomoa na kulijenga upya. Fundi alifanya kazi yake vema. Lakini ukuta ukianguka hautoweki. Palibaki rundo la kifusi lililomfika mtu mzima kifuani: matofali mabovu, vipande vya lipu, mbao zenye misumari, na mifuko mitupu ya simenti. Usiku majirani wakaja kuongeza taka za nyumbani juu yake, kwa maana panapoonekana taka kila mtu hudhani kwamba ruhusa imetolewa.

Mwenye lori alitutajia bei yake ya kukipeleka kifusi kile kwenye jaa lililoonyeshwa na wakuu wa mji. Tukaiona bei ni kubwa. Daftari ya fedha ilikuwa mikononi mwetu sisi. Tukapiga hesabu, tukaona kwamba kwa fedha hizo tungeweza kutengeneza madawati sita. Ndipo mmoja wetu aliposema: «Korongo lipo hapo chini, na nafasi ni tele.» Hakuna aliyempinga. Jumamosi moja tukawaita wavulana wa madarasa ya juu. Wakabeba kifusi kwa mabeseni, wakiimba, na kabla ya adhuhuri uwanja ulikuwa safi. Tuliwasifu kwa bidii yao, tukaenda zetu nyumbani kwa furaha.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku. Maji yaliyozoea kupita katika korongo lile yakakuta njia imezibwa kwenye daraja dogo la waendao kwa miguu. Yakageuka upande wa kushoto, yakaingia katika nyumba ya mama mmoja mjane, mwuza maharage sokoni. Ukuta wa nyuma ukaanguka. Kwa neema ya Mungu watoto walikuwa wamelala chumba cha mbele, na hakufa mtu. Lakini magunia mawili ya maharage, yaliyochukuliwa kwa mkopo, yakajaa tope, na madaftari ya watoto yakachukuliwa na maji. Mmoja wa watoto hao ni mwanafunzi wetu.

Asubuhi mama yule alifika shuleni. Hakupiga kelele. Alifungua kitenge chake, akaweka juu ya meza yetu kipande cha lipu kilichopakwa rangi nyeusi. Kilikuwa kipande cha ubao wa darasa lile la zamani. Ilionekana bado mistari myeupe tuliyoichora kwa mkono wetu, ili watoto wa mwaka wa kwanza wajifunze kuandika. Akasema: «Mwalimu, nimewarudishia chenu.» Kisha akauliza kama mtoto wake angeweza kupewa daftari nyingine, kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu.

Majibu yalitujia mengi: kwamba mvua ni ya Mungu, kwamba watu wengine nao hutupa taka pale pale, kwamba nyumba yake ilikuwa imejengwa karibu mno na korongo. Hatukutoa hata moja. Kipande kilichokuwa mezani kilikuwa chetu, si cha watu wengine.

Kamati ilikutana jioni ile ile. Fedha za madawati zikajenga ukuta wa mama yule na kulipa deni la maharage yake. Kisha tukarudi korongoni, safari hii sisi walimu mbele, tukakitoa kifusi matopeni, na lori likafanya safari tatu hadi jaani. Tulipojumlisha gharama, tulikuta tumetumia karibu mara tatu ya bei ile tuliyoikataa. Madawati sita hayapo hata leo. Watoto wa darasa jipya hukaa wanne katika dawati la watu wawili, nasi tukiwatazama twakumbuka.

SAFARI YA KITU KILICHOTUPWA

Watu wengi hudhani kwamba neno «kutupa» ni mwisho wa habari. Kumbe ni mwanzo wa safari. Tuifuate safari hiyo hapa kwetu.

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima na juu ya rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu. Kila kinachoachwa juu hushuka siku moja. Kifusi ni kizito, hivyo hubaki njiani. Huziba mitaro na madaraja, huyasukuma maji pembeni, nayo maji huila ardhi mpaka korongo linapanuka na kufika kwenye misingi ya nyumba. Udongo wetu ni wa mfinyanzi. Ukinywa maji mengi, huteleza. Watu wa Funu, katika komuni ya Kadutu, hawahitaji kufundishwa juu ya maporomoko ya ardhi, maana wamekwisha kuyaona kwa macho yao.

Taka nyepesi hazisimami njiani. Mifuko ya plastiki, chupa za maji, viatu vilivyochakaa, vyote huchukuliwa na mito midogo ya mji, kama vile mto Kawa, hata ziwani. Nalo Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, ndio mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa Bukavu. Karibu na mlango huo limejengwa bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza, lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mashine zake huzungushwa na maji, lakini haziwezi kutafuna plastiki. Taka huja zikielea, zikakusanyika mbele ya bwawa kama mkeka, na nyingine huzama na kuingia ndani. Wafanyakazi huziopoa siku baada ya siku, na mara kadhaa mashine zimesimama au kuharibika kwa sababu yake.

Mashine ikisimama, taa huzimika. Giza halichagui. Huingia katika nyumba ya yule aliyetupa mfuko wake mtoni, na katika nyumba ya jirani yake aliyeutunza wake. Huingia katika chumba cha uzazi, katika kinu cha kusaga unga, na mezani kwa mwanafunzi anayejifunza usiku. Kweli, mchuma janga hula na wa kwao.

Wala safari haiishii bwawani. Maji ya Ruzizi huteremka kando ya Rwanda na Burundi mpaka Ziwa Tanganyika, karibu na ndugu zetu wa Uvira. Wao hawakula ndizi zetu, lakini yaweza kuwafikia mifuko tuliyobebea ndizi hizo.

JAA NI KITU GANI?

Wengine hudhani kwamba jaa, au pubele kama tunavyozoea kusema, ni mahali popote palipo na taka nyingi. Sivyo. Rundo la taka kando ya soko si jaa, ni uzembe uliokomaa.

Jaa la kweli ni mahali palipochaguliwa na kutengenezwa. Huwa mbali na chemchemi, mbali na mito na nyumba za watu. Chini yake huwekwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, au turubai nene, ili maji machafu yasipenye ardhini hata visimani. Maji hayo huelekezwa kwa mifereji katika shimo la kuyasafishia. Taka humwagwa kwa tabaka, hushindiliwa, kisha hufunikwa kwa udongo, ili nzi, panya na moto visipate nafasi. Taka zinazooza hutoa gesi iwakayo, nayo hutengenezewa njia ya kutokea. Kifusi safi hakimwagwi ovyo pamoja na taka nyingine. Huwekwa kando na kufanywa barabara ya malori ndani ya jaa, au huchanganywa na udongo wa kufunikia.

Mahali pa namna hii hapajitunzi penyewe. Katika mji mkuu, Kinshasa, lilitengenezwa jaa la Mpasa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Msaada huo ulipokwisha mwaka 2015, kazi ya kuzoa taka mjini ilidhoofika, na taka zikarudi njiani. Wageni waweza kutusaidia kujenga, lakini kutunza kila siku ni kazi ya wenyeji na ya mfuko wao.

Na jaa lisipotunzwa huwa hatari. Huko Addis Ababa, nchini Ethiopia, mlima wa taka wa Koshe uliporomoka tarehe 11 Machi 2017, ukaua watu zaidi ya 100 waliokuwa wakikaa chini yake. Huko Kampala, nchini Uganda, jaa la Kiteezi lililofunguliwa mwaka 1996 liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Twayasema haya kusudi mtu asidhani kwamba wajibu wake umekwisha lori linapopita langoni. Jaa nalo lina majirani, na kwa kawaida majirani hao ni maskini. Kadiri tunavyopeleka taka chache, na zilizotenganishwa vizuri, ndivyo tunavyowahurumia.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Tuanze kwa hesabu, maana hesabu huondoa udhuru. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mtu mmoja katika Afrika kusini mwa Sahara hutoa, kwa wastani, gramu 460 za taka kila siku. Chukueni jamaa ya watu 8: ni karibu kilo 3 na nusu na kitu kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya kilo 1,300. Mzigo huo ni wa nyumba moja tu! Lakini msiogope. Katika nchi maskini zaidi ya nusu ya taka ni vitu vinavyooza, kama maganda na mabaki ya chakula. Vitu hivi havina haja ya kupelekwa jaani.

Basi, kwanza, wekeni vyombo viwili: kimoja cha vitu vinavyooza, kingine cha vitu visivyooza. Maganda, majani, mabaki ya sombe na majivu kidogo yatiwe katika shimo nyuma ya nyumba, yafunikwe kwa udongo mwembamba, yageuzwe mara kwa mara. Baada ya miezi michache mtapata mbolea nyeusi ya kutia kwenye migomba na mboga. Wasio na shamba watafute jirani mwenye shamba au mfuga nguruwe. Atashukuru.

Pili, kabla ya kutupa kitu, ulizeni kama kazi yake imekwisha kweli. Bidoni lililopasuka juu laweza kukatwa likawa chombo cha kupandia vitunguu. Vyuma na mabati mabovu vina wanunuzi wao. Juu ya mifuko ya plastiki, kumbukeni kwamba amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kuitengeneza, kuiingiza nchini, kuiuza na kuitumia. Tunajua jinsi amri hiyo isivyofuatwa sokoni. Lakini mama anayekwenda sokoni na kapu lake mwenyewe ameitii bila kungoja askari.

Tatu, tuseme juu ya kifusi. Ajengaye nyumba huhesabu simenti, mchanga, mabati na ujira wa fundi. Mara chache huhesabu gharama ya kuondoa mabaki. Kumbe iandikwe katika hesabu tangu siku ya kwanza, kama bei ya msumari. Ndoo ya lita 20 iliyojaa kifusi yaweza kupita kilo 25. Fikirini basi uzito wa chumba kizima! Matofali yaliyo mazima yasafishwe yatumike tena. Yaliyovunjika yapondwe, yajaze mashimo ya njia au yashindiliwe chini ya sakafu. Mbao zing'olewe misumari kabla ya kuhama, maana msumari wenye kutu hungoja mguu wa mtoto. Kinachobaki, na hicho tu, kiende jaani. Kisipelekwe mtaroni wala korongoni, wala kisiachwe kando ya barabara kwa kungoja mtu mwingine.

Nne, viko vitu visivyochanganywa na vingine. Mawe ya tochi na ya redio yana sumu ndani yake. Yasitupwe shimoni mwa mbolea wala motoni. Vigae vya chupa vifungwe katika gunia au katika karatasi nene, tena aambiwe atakayeubeba mzigo. Sindano na nyembe ziwekwe katika kopo lenye kifuniko, na dawa zilizopitwa na wakati zirudishwe kwa muuguzi wa kituo cha afya. Nyumba kadhaa za zamani zimeezekwa kwa eterniti yenye asbesto. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu, na ugonjwa wake huweza kutokea baada ya miaka mingi. Anayeibomoa asiivunje kwa nyundo wala kuikata kwa msumeno. Ailoweshe maji, aishushe ikiwa nzima, aifunge, kisha awaulize wakuu wa jaa mahali pa kuizika. Watoto wakae mbali.

Tano, msichome plastiki. Moshi wake ni sumu, na jikoni huingia kwanza katika mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni.

NANI AUBEBE MZIGO?

Hapa ndipo penye dhambi iliyojificha, nasi twaomba kila msomaji asome polepole.

Jioni twamwona mtoto wa miaka saba ametumwa na kapu kichwani. Ameambiwa tu: «Kamwage huko.» Huko ni wapi? Hakuonyeshwa. Naye hufanya alivyofundishwa: humwaga mahali pasipo na mtu mzima. Hivyo tumemfundisha kwa mkono wetu kwamba ubaya ni kuonekana. Samaki mkunje angali mbichi, lakini huyu twamkunja upande mbaya.

Wengine humwita mama mmoja kati ya wale tunaowaona kila siku mjini, wanaobeba magunia mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Humpa gunia la kifusi na fedha kidogo sana, hali jaa liko mbali. Je, hawajui atakapolimwaga? Wanajua. Wamenunua kimya chake kwa bei ndogo, na kosa wameliweka juu ya mgongo wake pamoja na gunia. Ndugu wapenzi, atakaye taka zake zifike jaani na alipe ujira wa kufika jaani. Wenye uwezo mdogo na waungane. Nyumba kumi za shirika moja zaweza kukodi pusupusu mara moja kwa juma, na kwa kifusi zaweza kuchangia lori moja. Na siku ya salongo tusiishie kufagia njia na kurundika taka pembeni, maana mvua ya Jumapili huzirudisha zote. Salongo haijakwisha mpaka rundo lipate gari.

Katika katekisimu tulijifunza amri ya saba. Tulidhani inamhusu mwizi wa kuku. Lakini yeye aokoaye fedha za lori kwa kumwaga kifusi chake juu ya maisha ya jirani, fedha hizo amezitoa wapi? Amezitoa katika ukuta wa jirani, katika maharage yake na katika daftari za watoto wake. Na katekisimu ile ile ilitufundisha kwamba aliyeiba, pamoja na kuungama, hana budi kurudisha. Ndiyo sababu hatukuona kwamba tulimpa mama yule sadaka. Tulimlipa.

MALKIYA, MJENZI WA LANGO LA JAA

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya tatu, imeandikwa jinsi watu waliorudi kutoka utumwani Babeli walivyozijenga tena kuta za Yerusalemu. Kila kundi lilipewa sehemu yake. Kuhani Mkuu Eliashibu na makuhani wenzake walijenga Lango la Kondoo. Wengine walijenga Lango la Samaki, mwingine Lango la Chemchemi. Palikuwa na lango jingine, lililoitwa Lango la Jaa. Nani alipewa hilo? Hakupewa mtumwa. Alilijenga Malkiya, mwana wa Rekabu, mkuu wa wilaya. Yeye mwenyewe aliijenga, akaweka milango, na komeo, na makufuli. Na Maandiko Matakatifu yameliandika jina lake katika sura ile ile yenye jina la Kuhani Mkuu.

Basi mji mtakatifu ulikuwa na lango la taka, na kulitunza haikuwa aibu kwa mkuu. Ni mji gani wetu ulio mtakatifu zaidi ya Yerusalemu, hata usihitaji lango hilo?

Tena Bwana wetu Yesu Kristo, alipokwisha kuwashibisha maelfu kwa mikate mitano, hakuacha mabaki yakanyagwe majanini. Aliwaagiza wanafunzi wake wayakusanye, yakajaa vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kuumba mkate kwa neno lake alijali vipande vilivyobaki. Naye marehemu Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 iitwayo Laudato si', alituonya kwamba mazoea ya kutupa vitu ovyo huenda pamoja na mazoea ya kuwatupa watu. Sisi tumeyaona hayo kwa macho: tulipotupa kifusi, tulimsahau mama aliyekaa chini.

NENO KWA WANAFUNZI

Ninyi wanafunzi, msingoje kuwa wakubwa. Mkitumwa na kapu, ulizeni kwa heshima: «Baba, ni mahali gani hasa?» Swali hilo dogo huwaamsha wazee wengi. Darasani tengenezeni shimo la mbolea, mkapime wenyewe ni mabeseni mangapi ya taka mliyoyapunguza kwa mwezi mmoja. Na mwalimu akiwaamuru kumwaga kifusi korongoni, mkumbusheni mlichosoma hapa. Asikasirike, maana sisi walimu wenzake ndio tuliowatuma.

Na sisi wazazi, leo usiku kabla ya sala tujiulize mambo matatu. Taka za juma hili zimelala wapi? Nani anakaa chini ya mahali hapo? Na je, tungekubali kumpelekea mlangoni mwake mchana, huku tukimsalimu kwa jina?

Kipande kile cha ubao tumekiweka juu ya kabati la darasa jipya. Wanafunzi wapya huuliza ni cha nini, nasi kila mwaka huwasimulia habari hii tangu mwanzo, bila kuacha sehemu inayotuaibisha. Mama yule anapokuja kumchukua mwanawe hukiona pale juu. Hasemi neno. Hutusalimu tu, na sisi twamwitikia.

Mungu awabariki ninyi nyote, pamoja na majirani zenu wa bondeni. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kutunza chemchemi.